Moshi unarudi sebuleni: tuendelee kuwasha meko au tuizibe?

*"Mwaka jana mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya zamani hapa Njombe mjini, ya tofali za kuchoma. Sebuleni ina fayaplesi ambayo wenyewe wa mwanzo hawakuiwasha kwa miaka mingi. Tumeikarabati: tumetoa madirisha ya mbao tukaweka ya aluminiamu, tumepiga na dari ya jipsamu. Juni hii baridi ilipokaza tumewasha mara tatu. Moshi unarudi ndani, macho yanawasha, na mara ya tatu watoto wote wawili walilalamika kichwa. Ukutani juu ya meko yametokea madoa ya kahawia yenye harufu ya lami. Kuni ni za mkaratusi, tunanunua kwa kijana anayepita na mkokoteni. Fundi mmoja kasema nitupie chumvi motoni, itasafisha dohani. Jirani kasema tuachane nayo, tuwashe jiko la mkaa nje na tuliingize ndani mkaa ukishakuwa mwekundu, kwa sababu hapo sumu imeisha. Mama mkwe ana miaka 71, tunaishi naye, na baridi inamtesa. Tuendelee, au tuizibe?"*

Dada yangu, yapo mambo mawili ya usiku wa leo. Msiwashe tena meko hiyo mpaka dohani ikaguliwe. Na jiko la mkaa lisiingie ndani, iwe sebuleni au chumbani kwa mama, hata kwa nusu saa. Mengine tutazungumza taratibu, na sitakukatisha tamaa, maana meko kama yenu mara nyingi hurekebishika. Lakini nimejenga na kubomoa meko za Nyanda za Juu Kusini miaka ya kutosha, na nikisoma barua yako naona moshi unaokukera si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni ushauri wa jirani.

Jirani hana nia mbaya. Anasema kile anachokiona: mkaa unapoanza kushika unatoa moshi na harufu, ukishaiva moshi unakwisha, kwa hiyo anaamini sumu imekwenda na moshi. Kumbe mkaa ni kaboni karibu tupu. Unapokuwa mwekundu, hewa haifiki sawasawa katikati ya rundo, na gesi inayopenya kati ya makaa ya moto hugeuka kuwa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Ikifika kwenye damu hung'ang'ania himoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mtu anapumua vizuri huku mwili wake unakosa hewa. Aliyelala hupitiliza usingizini bila kushtuka. Jiko jekundu lisilo na moshi ndilo linaloitoa kwa wingi, na linaendelea kuitoa likiwa limefunikwa na majivu usiku wa manane. Kuacha dirisha wazi kidogo hakutoshi, kwa sababu jiko halina dohani ya kuipeleka gesi popote. Nimekaa kwenye msiba wa namna hii Makete, mwezi wa saba, na jiko lenyewe lilikuwa bado limewekwa pembeni mwa mlango wa chumba.

Hapo ndipo kichwa cha watoto wako kinaponipa wasiwasi. Huenda ni moshi tu, lakini huenda pia gesi hiyohiyo ilirudi pamoja na moshi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, kwa hiyo wengi hudhani ni mafua au malaria. Kinachoitofautisha ni kwamba huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, nao hupata nafuu wakitoka nje. Ikitokea tena, iwe kwa moto wa aina yoyote, toeni watu wote nje kwanza, kisha nendeni hospitali na mmwambie daktari waziwazi kwamba mlikuwa na moto ndani ya nyumba. Msisahau kusema hivyo, maana kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni hakitofautishi oksijeni na gesi hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliyekwisha kuathirika.

Sasa moshi wenyewe. Tumezoea kusema dohani inavuta moshi, lakini dohani haina nguvu ya kuvuta. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Hewa baridi ya chumbani ni nzito, inaingia kwa chini na kuisukuma ile ya moto itoke juu. Kwa hiyo kila hewa inayotokea paani lazima ilipwe na hewa nyingine inayoingia ndani ya nyumba, na meko ya wazi hupeleka nje hewa nyingi sana. Nyumba yenu ilipojengwa, hewa hiyo iliingia kupitia nyufa za madirisha ya mbao, uwazi wa chini ya milango na mianya ya dari. Ninyi mmeziba vyote, na nadhani milango nayo mmeiwekea matambara chini kama tunavyofanya wengi mwezi wa sita. Unajua dumu la mafuta lenye tundu moja linavyomimina: yanatoka kidogo, yanagugumia, yanagoma, mpaka utoboe tundu la pili ndipo yatiririke. Sebule yenu ni dumu lenye tundu moja.

Dohani ikishakaguliwa na kusafishwa, fanyeni jaribio dogo. Washeni moto mdogo, kisha fungueni dirisha la karibu kwa upana wa vidole vitatu. Moshi ukinyooka na kupanda ndani ya dakika chache, tatizo ni hewa, na dawa yake ya kudumu ni rahisi: fundi atoboe tundu kwenye ukuta wa nje karibu na meko, aweke tofali la matundu na wavu wa kuzuia panya.

Moshi usiponyooka, chukueni futi kamba. Pimeni mdomo wa meko, upana mara kimo, kisha mfereji wa ndani wa dohani. Mfereji unapaswa kuwa karibu moja ya kumi ya mdomo. Mdomo wa sentimita 80 kwa 70 una eneo la sentimita za mraba 5,600, kwa hiyo unahitaji mfereji wa kama 560, yaani karibu sentimita 24 kwa 24. Mkikuta mfereji ni 15 kwa 15, meko hiyo haikuwahi kufanya kazi sawasawa tangu siku ilipojengwa, na yawezekana ndiyo sababu wenyewe wa mwanzo waliiacha. Dawa ya bei nafuu ni kupunguza kimo cha mdomo kwa bamba la chuma kwa juu. Na huko paani, dohani inatakiwa izidi pale inapotokea kwa sentimita 90 angalau, na izidi kitu chochote kilicho ndani ya mita 3, kama ukingo wa paa, kwa sentimita 60. Ikiwa fupi, upepo unaovuka paa unarudisha moshi chini. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo dohani fupi huku inasumbua zaidi.

Kuna jambo jingine kwa dohani iliyokaa bure miaka mingi: viota vya ndege, na nyuki. Nimekuta masega yaliyojaza dohani kutoka kooni, pale panapobana juu ya moto, hadi karibu na mdomo wa juu. Mkisikia mvumo, msijaribu kuwafukuza kwa moto. Nta inashika moto haraka, na nyuki waliochokozwa watatokea sebuleni. Mwiteni mfugaji wa nyuki, wapo wengi mkoani kwenu na atafurahi kuchukua kundi.

Yale madoa ya kahawia ndiyo yaliyonifanya nikwambie msiwashe. Moshi wa kuni umebeba mvuke wa maji, tindikali na matone madogo ya lami ambayo hayakuungua. Ukipanda kwenye dohani ya baridi unapoa na kuganda kwenye kuta zake. Kwanza huwa masizi ya unga, kisha magamba meusi, na mwisho utando mgumu unaong'aa kama lami ya barabarani, ambao mafundi huuita kreosoti. Madoa yangetokea Februari ningeshuku kwanza maji ya mvua yanayopenya pale dohani inapokutana na mabati. Lakini ni Juni, mvua ni adimu, na harufu ni ya lami. Hiyo maana yake kreosoti imepata njia ya kutoka ndani ya dohani mpaka kwenye plasta yenu. Dohani nyingi za zamani zilijengwa kwa tofali tupu bila bomba la ndani, na udongo au chokaa iliyoshika viungio imeliwa na miaka. Lami inapopita, gesi nayo inapita, na siku moja cheche zitapita.

Fikiria cheche zinapita kwenda wapi. Juu ya dari yenu mpya kuna mbao zinazoshikilia jipsamu na kuna kenchi za msindano mkavu. Jipsamu haishiki moto kirahisi, mbao zake zinashika. Mbao iliyogusana na dohani kwa miaka hukaushwa na joto kidogo kidogo mpaka inaweza kushika moto kwa joto dogo kuliko mbao ya kawaida. Waulizeni waliopiga dari kama waliacha nafasi ya sentimita 5 angalau kati ya dohani na kila mbao. Kama hawakuacha, hizo mbao zikatwe kabla ya jambo lingine lolote. Na kreosoti yenyewe ni kuni: ikiwaka, ndani ya dohani joto linaweza kupita nyuzi 1,000 za Selsiasi na kupasua tofali.

Kuhusu chumvi, hapana. Haiondoi kreosoti iliyokwisha kuganda, na inachofanya kwa uhakika ni kula vyuma vya meko. Dohani husafishwa kwa brashi ya waya inayolingana na mfereji wake, mara moja kwa mwaka kabla ya msimu wa baridi, au wakati wowote utando ukifika unene wa milimita 3. Mdomo wa meko uzibwe kwa turubai au shuka iliyoloweshwa ili masizi yasiingie sebuleni, na anayepanda juu asipande asubuhi mabati yakiwa na umande. Ule utando unaong'aa hautoki kwa brashi; huo ni wa fundi mzoefu, na mara nyingine hulazimu kujenga upya sehemu ya dohani.

Turudi kwa kijana wa mkokoteni. Sina ubaya naye, lakini nina hakika anawauzia maji. Mti uliokatwa karibuni ni maji karibu nusu ya uzito wake. Kuni mbichi za kilo 40 zina lita karibu 20 za maji, ndoo nzima, na moto wenu unalazimika kuichemsha yote kabla haujampa mama joto lolote. Moto unabaki wa kufifia, dohani inabaki ya baridi, lami inaganda. Watu hulaumu utomvu wa msindano, wanasema ndio unaojaza dohani lami. Msindano uliokauka sawasawa unaungua safi, tena mabanzi yake ni mazuri sana ya kuwashia. Mwenye makosa ni unyevu. Kwa moto wa kudumu, miwati mnayo tele Njombe, na ikikauka ni kuni nzuri mno. Mkaratusi nao ni mzuri, ila gogo lake lisilopasuliwa linaweza kukaa mwaka mzima na bado likawa na maji moyoni.

Kwa hiyo nunueni kuni za mwakani sasa hivi, kiangazi kikiwa bado kipo. Zipasuliwe ziwe na unene wa kama sentimita 10, zipangwe juu ya magogo au mawe zisiguse ardhi, zifunikwe kwa bati juu tu, na pembeni upepo upite. Kuni iliyokauka ina nyufa kwenye kichwa chake, gome linabanduka lenyewe, na ukigonganisha vipande viwili vinalia "ko!" kama ubao. Mbichi hutoa sauti nzito, iliyokufa.

Mkoani kwenu, na Mafinga pia, kuna viwanda vya nguzo, na mabaki yake huuzwa au hugawiwa kama kuni. Msiyachome kabisa, wala jikoni. Nguzo zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki haiungui ikaisha: sehemu inaondoka na moshi mnaovuta, iliyobaki inakaa kwenye majivu ambayo mtayatupa bustanini kwenye mboga. Mbao zilizopakwa rangi, plaiwudi na plastiki navyo vikae mbali.

Sasa swali lako, kuendelea au kuziba. Tafuteni kwanza fundi mwashi aliyewahi kujenga dohani, siyo kuta tu. Kwa Njombe ninyi, waulizeni watu wa misheni za zamani wanamtumia nani. Aingie darini na tochi, aangalie dohani pande zote. Afanye pia jaribio la moshi: kuwasha makaratasi na majani mabichi kidogo, kuziba dohani kwa juu kwa muda mfupi, mtu mwingine akiwa darini anaangalia unapotokea, na wengine wote wakiwa nje. Ofisi ya Zimamoto na Uokoaji ya mkoa nayo inaweza kuwashauri kuhusu usalama wa jengo.

Akikuta viungio vimeliwa sehemu ndogo tu, dohani inaweza kuzibwa nyufa na kuendelea kutumika. Lakini lazima niwe mkweli kuhusu meko ya wazi: hata ikiwa nzima, sehemu kubwa ya joto la kuni inaishia angani, na kinachobaki ndani mara nyingi hakifiki moja ya tano. Mwanasayansi Benjamin Thompson, anayejulikana zaidi kama Count Rumford, aliliandikia tatizo hili mwaka 1796. Ushauri wake bado unafaa: chumba cha moto kiwe na kina kifupi, kuta za pembeni zifunguke kwa mshazari ili zirudishe joto chumbani, na koo la dohani liwe jembamba, kama sentimita 10. Fundi mzuri anaweza kuibadilisha meko yenu hivyo kwa tofali zilezile.

Mkiwa na uwezo, ninachokipenda mimi kwa nyumba yenye mzee na watoto ni jiko la chuma lililofungwa, lenye mlango, linalowekwa ndani au mbele ya meko na kutoa moshi kwa bomba la chuma linalopita ndani ya dohani mpaka juu kabisa. Linatoa zaidi ya nusu ya joto la kuni, linakula kuni chache, na bomba linamaliza tatizo la nyufa. Bomba lisiishie katikati ya dohani. Nimeliona hilo zaidi ya mara moja, na lami hujaa juu yake haraka kuliko mwanzo. Kama dohani imepasuka vibaya na fedha hakuna, zibeni bila majuto, baada ya kuondoa masizi, mkiacha tundu dogo la hewa ili ukuta usiote ukungu.

Mkija kuwasha tena, pangeni kuni nene chini, nyembamba juu, na kiberiti kipigwe juu kabisa, moto ushuke wenyewe. Moshi unapungua sana. Kabla ya hapo, chomeni gazeti lililosokotwa karibu na koo ili dohani ipate joto. Wekeni wavu wa chuma mbele, na nguo, zulia na kiti cha mama vikae mita moja au zaidi. Blanketi laini za nailoni huyeyuka zikipata cheche, na huganda kwenye ngozi. Majivu mnayotoa asubuhi wekeni kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta, kwa sababu kaa lililojificha humo linaweza kukaa hai siku kadhaa. Moto uzimike kabisa kabla hamjafunga kifuniko cha koo na kwenda kulala. Na kabla ya TV nyingine au sofa, nunueni king'ora cha kaboni monoksaidi, kile chenye alama ya kiwango cha EN 50291. King'ora cha moshi peke yake hakiigundui gesi hiyo.

Siku mkisikia dohani inanguruma kama lori linalopanda mlima, na cheche zinaruka juu, ni kreosoti imewaka. Watu wote nje, pigeni 114, namba ya Zimamoto. Msimwage maji kwenye dohani, itapasuka na mvuke utawachoma. Hata ikizimika yenyewe, isiwashwe tena mpaka ikaguliwe.

Na mama, wakati haya yote yanasubiri: chupa ya mpira ya maji ya moto, ifungwe kwenye kanga isimuunguze, iwekwe kitandani nusu saa kabla hajalala. Soksi, kofia ya sufu, na chumba kidogo badala ya kikubwa. Hita ya umeme ya wati 1,500 ikiwashwa saa 4 inakula yuniti 6 za LUKU. Mkiweza kuimudu, ichomekwe moja kwa moja ukutani, siyo kwenye ekstensheni, na izimwe akishapata joto. Akiamka usiku ametetemeka, ana maneno yasiyoeleweka au usingizi usio wa kawaida, mpelekeni hospitali usiku huohuo.